Vumbi la Wageni wa Nyamatete

Hapo zamani za kale, na wewe unayemfinya mwenzako mwache kwanza usikie, hapo zamani za kale wanyama walikuwa na nyumba zao, mafiga yao na desturi zao za kuringia. Siku hizo palikuwa na mbuga iitwayo Nyamatete. Sifa ya mbuga hiyo ilikuwa chemchemi. Maji yalibubujika katikati ya matete mabichi, yakajaa bwawani, yakamwagika upande wa chini juu ya jiwe pana, kisha yakaenda zake porini.

Pembeni ya matete hayo alikaa Sange.

Mnamjua Sange? Hamumjui! Simba mnamjua, Tembo mnamjua, lakini Sange hakuna anayemuulizia. Basi ni mnyama mdogo, kampita panya kidogo tu, ana miguu myembamba na pua ndefu inayochezacheza kama mkonga. Kazi yake ni kufagia njia. Kila asubuhi hupita kwenye vijia vyake, jani likianguka analitupa, kijiti kikianguka anakitupa, fya! fya! fya! kwa miguu ya mbele, mpaka njia iwe safi kama uso wa sahani. Hafanyi hivyo kwa urembo. Mwewe akishuka, Sange hukimbia, na kijiti kimoja cha kumkwaza kinatosha kumuua.

Sange huyu alikuwa na mume, mtu wa kufagia na kunyamaza. Tena alikuwa na watoto pacha waliozaliwa juma lile hadithi yetu inapoanzia, wamelala chini ya matete, kila mmoja hatoshi hata kujaza kiganja cha nyani.

Sasa, Nyamatete ilikuwa mbuga ya wageni. Kila kiangazi nyumbu walitoka tambarare za mbali kuja kunywa, na pundamilia, na swala. Na mgeni akifika alipokewa kwa heshima: aliingizwa bwawani akaoshwa kwato. Bwana Kiboko ndiye aliyekuwa mwoshaji. Alisimama katikati ya maji, kitambi mbele, akiita kwa sauti nzito:

"Karibu mgeni! Mguu wa kwanza! Chubwi! Mguu wa pili! Chubwi! Wa tatu, wa nne! Apite mwingine!"

Kila aliyeoshwa alimwachia Kiboko kitita cha majani mabichi. Na hawakuoshwa siku ya kufika tu. Kila asubuhi wakirudi kutoka malishoni, chubwi, chubwi, chubwi.

Zamani haikuwa na neno. Mvua ilikuja kwa wakati wake na maji yalikuwa tele. Lakini jua likabadilika, watoto. Ule mlima wa mbali, ambao theluji yake ilikuwa kama kofia ya mtu mzima, ukabaki na kofia ya mtoto mchanga. Mvua za vuli zilichelewa juma moja, mwaka uliofuata mwezi mzima. Huko tambarare nyasi zilikauka mapema, kwa hiyo wageni waliokuwa wakikaa mwezi mmoja wakawa wanakaa mitatu. Na kwato zao zote bado zinaoshwa!

Sange alikuwa akipima maji kwa Kiboko mwenyewe. Mwaka juzi maji yalimfika kidevuni. Mwaka jana, tumboni. Mwaka huu, kabla hata wageni hawajafika, yalimfika magotini.

"Baba Mapacha," Sange alimwambia mumewe, "chemchemi hii ikikauka, Tembo atahamia Mto Mkuu. Kwake ni mwendo wa siku mbili. Simba naye atafika. Sisi je?"

Mumewe aliwatazama watoto, akanyamaza.

"Hatufiki," Sange akajijibu. "Mwewe atatumaliza kabla ya kilima cha kwanza."

Ndipo alipopiga moyo konde akaenda barazani kwa Mtemi Simba.

Alimkuta Simba amejinyoosha juu ya mwamba, Kiboko yuko pembeni, na wanyama wengine wamejaa mpaka nyuma. Walikuwa wakizungumzia mapokezi.

"Shikamoo Mtemi."

"Marahaba. Nani huyo? Sauti naisikia, mtu simwoni."

"Niko hapa chini, Mtemi. Karibu na ukucha wako."

Wanyama wakacheka. Sange alingoja wamalize.

"Mtemi, nimekuja kusemea chemchemi. Kila kwato ikiingia, tope linapanda na kuziba jicho la maji. Matete yanakanyagwa, kivuli kinaondoka, jua linayafyonza maji yaliyobaki. Mwaka huu tuipumzishe. Wageni wanywe pale chini kwenye jiwe maji yanapomwagikia, tena waje kwa zamu. Kwato wasioshwe."

Kisha Kiboko akapasua kicheko, hoo hoo hoo, mashavu yakatikisika.

"Wasioshwe! Mmemsikia? Wewe unayeoga kwa tone la umande, utatufundisha sisi maji?"

"Mzee, maji yako magotini mwako."

"Kwa sababu ya jua!" Kiboko akafoka. "Jua ndilo limeharibika! Nenda kamwambie jua!"

"Jua siliwezi," Sange akasema. "Ningeliweza ningeanza nalo. Ninachokiona hapa ni miguu."

"Aka! Mdomo huo!"

Simba akainua kichwa. Mtemi huyu hakuwa mbaya sana, ila alikuwa na udhaifu mmoja: hakuweza kukubali kwamba kuna jambo asilolijua. Na jambo la jicho la chemchemi alikuwa halijui.

"Nyamatete haijawahi kumnyima mgeni maji ya miguu," akasema. "Bwana Kiboko, wewe ulikuwa na shauri gani?"

"Mtemi, bwawa limekuwa dogo, na wageni ni wengi. Nataka tuyalaze yale matete ya upande wa mashariki, ili waingie kutoka pande mbili."

Upande wa mashariki ndiko walikolala watoto wake.

"Huko ni kwangu, Mtemi."

"Basi utahama," Simba akasema, na kupiga miayo. "Wageni watafika baada ya siku nne. Siku ya nne asubuhi nisikuone pale."

"Sihami."

Lo! Ngiri mmoja aliziba uso kwa kwato.

"Umesemaje?" Simba aliuliza polepole.

"Nimesema sihami, Mtemi. Sina pa kwenda, na hata kama ningekuwa napo, nisingekwenda. Siku ya nne utanikuta nyumbani kwangu."

Sange akageuka, akaondoka kwa miguu yake myembamba, akiwa na hofu kama mtu yeyote. Nyuma yake Kiboko alisema, "Mwache, Mtemi. Nyumbu elfu wakipita, hata hatutajua alikuwa wapi." Wakacheka tena.

Alipofika nyumbani, Sange alilia. Alilia sana, pua yote ikalowa. Kisha akajifuta, akamwangalia mumewe aliyekuwa anafagia kijia kama kawaida, fya, fya, fya. Akamtazama kwa muda mrefu. Akaacha kulia.

"Baba Mapacha! Njia ya nyumbu mmoja inahitaji upana gani?"

Mumewe akapanua mikono. Akaona haitoshi, akalala chini akajinyoosha. Akajiviringisha mara mbili.

"Basi tuna siku nne," Sange akasema. "Tufagie."

Walifagia, watoto wangu! Walianzia kwenye jiwe pana la chini, wakapanda kando ya miamba, wakayazunguka matete kwa mbali, wakashuka mpaka kwenye kichuguu kilichoko mwisho wa tambarare. Fya! fya! fya! Kokoto wakazisukuma kwa pua. Miiba wakaivuta kwa meno. Siku ya tatu kucha za Sange zilitoka damu. Siku ya nne, jua likichomoza, njia ile ilikuwa imenyooka na kung'aa hata wewe mwenyewe ungeona haya kuitemea mate.

Watu walioipita walishangaa, "Sange anajifagilia njia ya kuhamia." Sange akajitia hamnazo.

Kisha akapanda juu ya kichuguu, akangoja.

Kwanza alisikia ardhi. Di di di di di! Halafu akaona vumbi, na ndani ya vumbi pembe, na chini ya pembe ndevu. Mbele kabisa alikuwa kiongozi wa msafara, nyumbu mzee aitwaye Mzee Ndevu, aliyeijua njia hiyo kuliko alivyowajua wajukuu zake.

"Karibuni, enyi wenye vumbi!" Sange alipiga kelele kwa nguvu zake zote. "Karibuni, waheshimiwa!"

Mzee Ndevu akafunga breki, na nyuma yake nyumbu elfu wakagongana, pu! pu! pu!

"Nani amesema?"

"Mimi, mzee! Hapa kwenye kichuguu! Shikamoo!"

"Marahaba. Wewe panya, pisha, tunakwenda kuoshwa."

"Mimi si panya, mzee, ni Sange, mwenye njia hii. Lakini, toba! Mnakwenda kuoshwa? Vumbi lote hilo? Hebu nione." Akateremka, akaizunguka miguu ya Mzee Ndevu, akiinusa na kuguna. "Mh! Mh! Limefika magotini! Mmetoka wapi?"

"Tambarare za kusini. Siku kumi na moja."

"Siku kumi na moja! Halafu uingie bwawani, chubwi, utoke huna tofauti na ngiri aliyetoka nyuma ya kile kilima?"

Mzee Ndevu alitikisa ndevu. "Desturi ya Nyamatete ni kuoshwa."

"Ilikuwa, mzee. Mwaka huu wanaooshwa ni waliotoka hapa jirani. Wanaona aibu kwamba hawakutembea, kwa hiyo wanaoshwa miguu ili isijulikane. Mtu mwenye vumbi lake hapiti bwawani. Anapita hapa, kwenye njia iliyofagiwa, mmoja mmoja, mbuga yote inamtazama. Anatajwa jina na siku alizotembea. Anakunywa kwenye jiwe, maji safi, siyo tope alilooshea mwenziwe. Anaondoka na vumbi lake."

"Mmoja mmoja?"

"Mkipita kwa kundi nani atakuona wewe?"

Mzee Ndevu aliitazama njia. Akazitazama kwato zake. Tangu azaliwe hajawahi kuzifikiria kwa heshima hiyo.

"Na mtu akikanyaga nje ya njia?"

"Vumbi lake halihesabiwi tena," Sange akasema, bila kupepesa jicho.

Uongo huo, watoto, ulikuwa uongo mtupu kuanzia pembe hadi mkia. Sange aliutunga siku nne akifagia, na hakuuonea haya hata kidogo, kwa sababu alikuwa akiwawaza watoto wake wawili chini ya matete.

Huku bwawani Kiboko alikuwa ameshajipanga, majani ya yungiyungi kichwani, kitambi mbele. Simba yuko mwambani, manyoya yamechanwa. Wanyama wamejaa. Kiboko alipoona pembe ya kwanza akajaza mapafu.

"Karibu mgeni! Mguu wa kwanza!"

Hakuna aliyeingia majini.

"Nimesema, mguu wa kwanza!"

Mzee Ndevu alikuwa anapita kule juu, kando ya miamba, hatua moja moja, shingo imenyooka. Mbele yake Sange alikuwa akikimbia na kuita:

"Mzee Ndevu wa tambarare za kusini! Siku kumi na moja!"

"Eeeeh!" wanyama wakashangilia, maana ilipendeza.

"Bi Ndevu, mkewe! Siku kumi na moja, na ndama tumboni!"

"Eeeeeeeh!"

"Nyie!" Kiboko akapiga maji kwa mguu, chwaa! "Njooni huku muoshwe!"

"Asante, Bwana Kiboko," Mzee Ndevu akajibu bila kugeuka. "Waoshe wa jirani."

Kiboko akamtazama Simba. "Mtemi! Hii ni nini?"

Wanyama wote wakamgeukia Simba. Simba hakujua hii ni nini. Lakini mnajua tena udhaifu wake. Akakohoa, akatikisa kichwa kwa upole mkubwa.

"Naam, naam. Vumbi la safari. Bila shaka."

Halafu akajitazama miguu. Ilikuwa safi kabisa. Akateremka mwambani taratibu kana kwamba anakwenda haja, akajificha nyuma ya kichaka, akagaagaa kwenye udongo, gara gara gara! Aliporudi alikuwa mwekundu hadi masikioni.

Siku nzima wageni walipita mmoja mmoja. Pundamilia nao wakataka kupita njiani, na swala nao, na Sange akawapangia, hawa asubuhi, hawa mchana, hawa jioni, ili kila mtu apate wa kumtazama. Hakuna kwato hata moja iliyogusa matete.

Jioni Kiboko akatoka majini, akamfuata Sange. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Bi Sange. Na mimi je?"

"Wewe nini, mzee?"

"Mimi sitajwi?"

"Utatajwa vipi? Umetoka wapi?"

Kiboko akafikiri. "Sijatoka. Nipo tu."

Akaitazama miguu yake, laini, imefura kwa maji, safi kuliko miguu yote ya mbuga. Kindama cha nyumbu kilimwona kikamnong'oneza mama yake, na mama akakivuta haraka, na hilo likamuuma Kiboko kuliko kama wangecheka.

"Safari gani ina cheo?" akauliza.

"Mto Mkuu na kurudi. Lakini aa, mzee, ni mbali. Umri wako, uzito wako..."

"Umri wangu? Thubutu! Utaona!"

Akaondoka papo hapo, tifu, tifu, tifu, akipotelea magharibi. Na huko mtoni, alipotumbukiza mwili kwenye maji yenye kina, alisahau haraka ya kurudi.

Basi chemchemi ikapumua.

Tope likatulia. Jicho la maji likafunguka, likaanza kububujika tena, blu blu blu. Matete yaliyokuwa yamelala yakainuka, mapya yakachipua katikati, yakayafunika maji yasipigwe na jua. Mapacha wakafungua macho, wakajifunza kukimbia kwenye kijia. Mwezi ukaisha. Mvua haikuja. Jua likawa kali kuliko mwaka jana. Lakini kila asubuhi Sange alikwenda kutazama jiwe, na kila asubuhi maji yalikuwa bado yanamwagika.

Siku ya arobaini ikasikika sauti ambayo haijapata kusikika mbugani.

"SANGEEEEE!"

Kiboko amerudi. Ngozi imepasuka kwa jua, macho mekundu, vumbi limemfika mgongoni. Alikuja moja kwa moja, hakupita njia iliyofagiwa. Wanyama wakakimbilia bwawani kuona. Simba akaruka kutoka mwambani.

"Huyu ni mwongo!" Kiboko akanguruma. "Niliwahadithia viboko wa Mto Mkuu habari ya cheo cha vumbi. Wakacheka mpaka wakazama! Wakaniuliza, nani kakuambia? Nikasema Sange. Wakacheka upya! Hakuna desturi hiyo popote! Ameitunga!"

Minong'ono ikaenea kama moto wa nyasi kavu. Mzee Ndevu akasogea mbele.

"Ni kweli, binti?"

Sange alikuwa amesimama mbele ya matete, watoto wake nyuma ya miguu yake. Uongo wa pili ulikuwa tayari kwenye ulimi, mzuri kuliko wa kwanza. Akautazama uso wa Mzee Ndevu, akaumeza.

"Ni kweli, mzee. Niliwadanganya wote."

"Mnaona!" Kiboko akaunguruma. "Mnaona! Niachieni nimkanyage!"

"Niliwadanganya," Sange akapaza sauti, "kwa sababu nilisema kweli barazani mkacheka! Niliomba chemchemi ipumzike, mkaniambia nikaongee na jua. Niliambiwa nihame. Nikasema sihami, na leo nasema tena, sihami! Tazameni maji! Tazameni, basi!"

Wakatazama. Maji yalikuwa maangavu, mawe ya chini yanaonekana. Kwa jinsi yalivyopanda, yangemfika Kiboko tumboni.

Kiboko naye akaona. Ngozi yake iliyopasuka ilikuwa inalia maji, na kati yake na maji palikuwa na matete machanga, na mbele ya matete palikuwa na Sange.

"Toka," akasema.

"Sitoki."

Kiboko akainua mguu. Kivuli cha mguu huo kilimfunika Sange na watoto wote wawili. Mumewe Sange, yule wa kufagia na kunyamaza, akaja akasimama kando ya mkewe. Kwa mara ya kwanza mbuga ikamsikia akisema.

"Hatutoki."

"Kanyaga, mzee," Sange akasema. "Leo utaoga vizuri. Kesho utaoga tope. Keshokutwa utarudi Mto Mkuu wakakucheke tena. Na hawa wote watakufuata na kiu, wengine hawatafika."

Mguu ukabaki hewani.

Ndipo Mzee Ndevu akageuka. Akaenda mpaka kwenye njia iliyofagiwa, akasimama juu yake na kwato zake zenye vumbi.

"Mimi simpi mtu kazi ya kuniosha tena," akasema. "Vumbi langu nalibakisha."

"Mzee, lakini umesikia!" Kiboko akalalama. "Cheo hicho ni uongo!"

"Uongo ulikuwa wa Sange. Vumbi ni langu. Siku kumi na moja nilizitembea mwenyewe, na nikifika nataka kunywa. Sikutembea siku kumi na moja ili nije kuyaharibu maji niliyoyafuata."

Akapiga kwato chini, di!

"Sioshwi!"

"Sisi pia hatuoshwi!" nyumbu elfu wakajibu, wakajipanga nyuma yake mstari mmoja, di! di! di! di! Pundamilia wakaingia mstarini, na swala wakaingia.

Kiboko akamgeukia Simba. Kila mtu akamgeukia Simba. Mtemi akaona wageni wote wako upande mmoja na Kiboko peke yake upande mwingine, na mguu mmoja juu. Akajikohoza.

"Bwana Kiboko," akasema, "mbona unazozana na desturi ya zamani? Hapa Nyamatete tangu enzi za babu yangu mgeni hunywa kwenye jiwe na hubaki na vumbi lake. Mimi mwenyewe ndiye niliyeikazia."

Loo! Uongo mkubwa kuliko wa Sange, tena mchana kweupe! Sange akauma ulimi. Pua yake ikacheza, ikacheza.

Mguu wa Kiboko ukashuka taratibu, ukatua nyuma. Alisimama pale, mnene, amechoka, amefedheheka. Sange akamwonea huruma, maana alijua kukosa pa kwenda kunavyouma.

"Mzee," akamwambia, "chini ya jiwe, kule maji yanakoishia baada ya wote kunywa, pana bonde lenye udongo laini. Ukilichimba litakuwa bwawa lako, na hakuna atakayelia ukilivuruga. Lakini kwanza rudi pale kichuguuni."

"Nikafanye nini?"

"Wewe rudi tu."

Kiboko akarudi kichuguuni akijikokota. Akakanyaga njia iliyofagiwa, mguu mmoja, mguu wa pili. Na Sange akakimbia mbele yake akiita kwa sauti iliyofika milimani:

"Bwana Kiboko wa Nyamatete! Mto Mkuu na kurudi!"

"Eeeeeeeeeh!" mbuga nzima ikashangilia, kwa sababu hiyo safari alikuwa ameitembea kweli.

Kiboko alijaribu kununa. Akashindwa. Mashavu yakamponyoka, akatabasamu mpaka meno ya nyuma.

Mvua ya mwaka ule ilichelewa miezi miwili. Ilipokuja ilikuta chemchemi ya Nyamatete bado inabubujika na mapacha wa Sange wanafagia wenyewe. Jua halikupoa, wala mlima haukurudishiwa kofia yake, na Sange hakuwahi kujigamba kwamba alilishinda jua. Lakini mpaka leo nyumbu wakisafiri hupanga mstari mmoja, vumbi magotini, na Sange bado anafagia kila asubuhi, fya, fya, fya, kana kwamba kuna mtu amemwambia tena ahame.

Hadithi yangu naiacha hapo njiani, atakayepita aifagie asiikanyage, na funzo lake ni hili: jua hatuliwezi, lakini mguu ni wako, na unapokanyaga unapachagua mwenyewe.